Nilisema Picha Zimetoka

Kwa nini nilisema zimetoka? Nimejiuliza swali hili nikiwa darasani, nikiwa kanisani, nikiwa narudi peke yangu kutoka sokoni. Hakuna aliyenitishia. Hakuna aliyenishika mkono. Kamera ilikuwa mikononi mwangu, kioo chake kikiwa cheusi tii, na mdomo wangu ukalitamka neno hilo kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

Nilikosa. Na baada ya kukosa nikalificha kosa nyuma ya mtu mwingine, ambaye hakuwa na namna ya kujitetea. Nayaandika haya bila jina kwa sababu jina langu halitakusaidia kitu wewe unayesoma. Kosa lenyewe huenda likakusaidia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kasulu, mzaliwa wa Kibondo, na umri wangu umekaribia miaka hamsini. Nina shahada ya chuo kikuu. Siku za Jumamosi hupiga picha za harusi na komunyo, kazi niliyoianza kama mchezo baada ya kununua kamera ya mwalimu mwenzangu aliyehamishwa. Watu waliniamini kuliko nilivyostahili. Waliona kwamba msomi hawezi kushindwa na kidude chenye vitufe, nami nikaliamini jambo hilo pamoja nao.

Aliyenifundisha kazi hasa ni mtu tunayemwita Papa Espoir, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni Mkongomani, anaishi kambi ya Nyarugusu, na kabla ya vita kumtoa kwao alikuwa na studio yake. Akipata kibali cha kutoka kambini huja Kasulu kupiga picha, na watu wa mjini walikuwa wamemzoea. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kusimama ili nisimkate bibi harusi miguu. Ndiye aliyenifundisha kumngoja mtu amalize kupumua kabla ya kumpiga picha.

Flashi yangu ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo binti wa kaka yangu alipokaribia kuolewa kule Kibondo, nilimwomba Papa Espoir aniazime yake. Angekuja mwenyewe, lakini kibali chake kilimfikisha Kasulu tu.

Kwa asiyejua, juu ya kamera kuna kikalio kidogo cha chuma chenye kingo mbili. Flashi nayo ina mguu bapa unaoteleza na kuingia katikati ya kingo hizo. Chini ya mguu kuna vichuma vidogo mithili ya vichwa vya sindano, na vikigusana na vya kwenye kamera, ukibonyeza kupiga, taa inawaka. Visipogusana umebeba mzigo tu. Sasa, mguu wa flashi ya Papa Espoir ulikuwa unabana. Ulikuwa umewahi kuanguka, ukajikunja kidogo, kiasi cha kutoonekana kwa jicho, na kuuingiza kulitaka subira.

Alinikabidhi siku ya Alhamisi, karibu na stendi, akiwa ameifunga kwa kitenge kama mtoto.

"Mwalimu, hii inabanaka," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ona hii ringi ya kukazia. Unailegeza yote, mpaka mwisho. Kisha unapanguza. Kisha unaingiza mulemule, pole-pole, mpaka inafika. Hapana kuforsa, hapana kusukuma kwa nguvu."

"Papa, mimi ni mwalimu wa fizikia."

"Ndiyo sababu ninakwambia mara mbili."

Tulicheka wote wawili, nikapanda basi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa kitandani tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto. Nyumba yake iko nje kidogo ya mji wa Kibondo, ya matofali ya kuchoma, na chumba alicholala kina dirisha dogo ambalo migomba imelikaribia mno. Hata saa sita mchana humo ndani ni giza la jioni. Hakuweza kutolewa nje bila maumivu, wala hakuweza kukaa wima kwa muda mrefu.

Binti yake, nitamwita Editha, alikuwa ameniomba jambo moja tu.

"Baba mdogo, za kanisani usijisumbue sana, hata wengine watapiga. Mimi nataka ile ya baba akiniwekea mkono."

Katika ukoo wetu binti hatoki nyumbani kwenda kufunga ndoa kabla baba hajamwekea mkono kichwani na kumwambia maneno ya kumuaga. Hufanyika chumbani, asubuhi, kwa dakika moja au mbili. Haifanyiki mara ya pili. Editha ni binti pekee wa kaka, na sote tulijua, ingawa hakuna aliyelisema, kwamba huenda hiyo ikawa picha ya mwisho ya baba yake akiwa hai.

Ijumaa alasiri nilikaa kwenye benchi karibu na jiko la nje nikiandaa vifaa. Flashi ikakataa kuingia. Ringi niliilegeza nusu, kwa kuwa nilikuwa na watazamaji. Nilisukuma ikafika kati, ikagoma. Mke wa kaka alikuwa pale akikaanga, na wanawake wanne wakimenya ndizi.

"Shemeji, hiyo kitu inakukataa?" mke wa kaka akaniuliza.

"Inabana kidogo tu. Hebu nipe tone la mawese."

"Mawese? Unataka kuikaanga?"

Wale wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema bila kuinua macho kwenye ndizi zake, "Mwongezee na chumvi, mwalimu wa watu asije akala kamera chapwa."

Nilicheka nao, kisha nikawapa somo. Niliwaeleza habari za msuguano, nikawaambia kuwa chuma na chuma vikikataana dawa ni kilainishi, na kwamba hata mashine kubwa za viwandani huishi kwa mafuta. Nilichovya ncha ya kidole, nikapaka mguu wa flashi pande zote, na ikateleza ikaingia kama kisu kwenye parachichi. Nikajaribu mara moja. Ikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikajiona mtu.

Sikuangalia kama imefika mwisho. Ilikuwa imebakiza nafasi ya unene wa ukucha, lakini ule ulaini ulinidanganya mkono, nikadhani imefika, nikaiacha hapohapo juu ya kamera usiku kucha.

Wanaoishi nyanda hizi za juu wanajua asubuhi za Julai zilivyo. Mawese yakilala kwenye chupa, asubuhi unayakuta yameganda, na huwezi kuyamimina mpaka uisogeze chupa kwenye moto. Nimekula mawese tangu nizaliwe. Nimeisogeza chupa hiyo kwenye moto kwa mikono yangu mwenyewe, asubuhi zisizohesabika. Na kwa miaka zaidi ya ishirini nimesimama mbele ya watoto wa wenzangu nikiwafundisha kwamba mafuta hayapitishi umeme. Ndiyo mambo mawili ninayoyajua pengine kuliko yote, na siku ile sikuyakutanisha kichwani.

Asubuhi ya Jumamosi tulikusanyika chumbani kwa kaka, watu kama kumi. Karibu kila mmoja alikuwa ameinua simu. Dada yetu mdogo, shangazi yake Editha, alikuwa amejiweka mbele kabisa.

"Jamani simu zote nje," nilisema. "Mianga yenu itaniharibia picha."

"Kaka, nipige hata moja tu ya kwangu."

"Hapana."

"Moja tu, ya kuweka status. Haikupunguzii kitu."

"Nje, dada. Nitakupa iliyo safi."

Alinitazama, akaishusha simu. "Haya, tutokeni, msomi amesema," akawaambia wenzake, na wakatoka wakinung'unika. Tukabaki kaka, mke wake, Editha na mimi.

Editha akapiga magoti kando ya kitanda, shela lake likigusa sakafu. Kaka aliunyanyua mkono wake wa kulia, ule mzima, akauweka juu ya kichwa cha binti yake. Nusu ya uso wake haikuweza kutabasamu, lakini ile nusu nyingine ilitabasamu kwa niaba ya zote. "Genda amahoro," alimwambia kwa Kiha, nenda kwa amani.

Nikabonyeza. Nikasikia mlio wa kamera, lakini taa haikuwaka.

Nikabonyeza tena. Mlio, na giza. Nikaitazama taa nyekundu ya flashi, inaonyesha iko tayari. Nikaisukuma kwa kidole gumba, haikusogea hata kidogo, imeganda. Nikabonyeza mara ya tatu, na ya nne. Kamera ilikuwa nimeitega kwa kutegemea flashi, kwa hiyo bila flashi kioo kilinionyesha weusi mtupu. Kichwa changu nacho kikawa cheusi vilevile. Kubadili mipangilio ya kamera ni jambo la sekunde chache ambalo hata mwanafunzi wa Papa Espoir wa wiki mbili angelifanya. Sikulikumbuka.

Kaka alikuwa anatetemeka. Niligundua kuwa ameushikilia mkono pale kichwani kwa ajili yangu, ili nimalize.

"Zimetoka?" akaniuliza.

"Zimetoka, kaka."

Akaushusha mkono, akafumba macho. Mke wake akamfunika.

Ndugu yangu, hapo ndipo penyewe. Mawese yalikuwa upumbavu, na upumbavu husameheka. Nusu dakika ingetosha kuusahihisha. Dada yangu alikuwa nyuma ya mlango na simu mkononi. Ningesema tu, "Imegoma, hebu rudi na simu yako," watu wangecheka kidogo, kaka angepumzika kidogo, mkono ungerudi kichwani mwa binti yake, na leo picha ingekuwa ukutani. Lakini dakika tatu kabla nilikuwa nimewafukuza wenye simu, na sikutaka kuonekana nikiwaita.

Picha nyingine zote za harusi zilikuwa nzuri, kwani zilipigwa nje au kanisani penye madirisha makubwa. Wakati watu wanakula nilijificha nyuma ya nyumba nikaichomoa flashi kwa kuivuta na kuitikisa. Mguu wake ulikuwa na ukoko wa rangi ya chungwa uliochanganyika na vumbi. Nikafuta kwa leso pale palipoonekana, nikairudisha kwenye mfuko wake.

Nyumbani Kasulu nilikaa na kompyuta jioni tatu mfululizo nikijaribu kuzing'arisha zile picha nne. Zilichonipa ni chenga za kijivu na mstari mmoja mweupe, ambao nadhani ni ukingo wa shela.

Editha na mume wake walihamia Kasulu, kwani mume anafanya kazi katika ofisi moja hapa mjini. Hazikupita siku tano akanipigia.

"Baba mdogo, ile ya baba imefikia wapi?"

"Bado naisafisha, mama."

"Usiisafishe sana ukamfuta mikunjo. Nataka mikunjo yake yote."

Nilicheka kwenye simu. Bado naukumbuka ule mcheko, na siupendi.

Nilijitungia mpango. Nikasema moyoni kwamba mitihani ikiisha nitamchukua Editha twende Kibondo kumsalimia kaka, na tukiwa kule nitasema, hebu tupige nyingine za ukumbusho. Hakuna atakayejua. Mpango ulikuwa mzuri, nikaupangia Jumamosi. Kaka alifariki Jumatano ya wiki hiyohiyo.

Siku ya msiba, mbele ya ndugu wote, Editha alinijia macho yakiwa yamevimba. Jeneza lilikuwa limewasili na wanaume walikuwa wanatafuta picha ya kuweka juu yake.

"Baba mdogo, tuchapishe ile. Ile ya mkono."

Nikamwambia haikutoka.

"Lakini ulisema zimetoka."

"Nilidhani zimetoka. Ni flashi ya yule Mkongomani. Aliniazima kitu kibovu na hakuniambia."

Sikuwa nimeliandaa neno hilo. Lilikuja lenyewe, limekamilika, kama lililokuwa linangoja mlangoni. Editha hakulia wala hakunilaumu. Aliendelea kunitazama kama mtu anayesubiri sentensi iendelee. Nyuma yangu binamu mmoja akasema, "Ukitegemea vitu vya kambini ndiyo matokeo yake," na wengine wakaitikia kwa vichwa. Nami, ninayekula meza moja na Papa Espoir, nilinyamaza.

Picha iliyowekwa juu ya jeneza la kaka ilitoka kwenye kitambulisho. Waliikuza mpaka uso ukawa madoa. Watoto wa jirani walikuwa wanauliza huyo ni nani.

Baada ya wiki mbili Papa Espoir alifika kwangu. Alinipa pole ya msiba kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akasema:

"Mwalimu, pale sokoni watu wananiambia flashi yangu iliua picha."

"Maneno ya watu, Papa."

"Minaomba niione."

Nikamletea mfuko. Aliitoa, akaigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya mguu wake, akakinusa. Alibaki amekishikilia kile kidole karibu na pua.

"Mawese," alisema.

Akaomba pamba na spiriti, akasafisha kichuma kimoja baada ya kingine kwa njiti ya kiberiti, bila haraka, kama muuguzi anayesafisha kidonda cha mtoto. Akaomba kamera yangu. Akailegeza ile ringi yote, mpaka mwisho, akaingiza mguu taratibu mpaka ukagota. Akabonyeza, na ukuta wa sebule yangu ukawa mweupe.

"Iko muzima," alisema.

"Nimeona, Papa. Nisamehe."

"Mafuta si kitu. Mimi pia nilishaharibu vitu vya watu, vingi sana, hata camion moja, lori muzima." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini wale wa kwenu, utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Muzuri, Mwalimu. Mimi huku ugenini sina kitu ingine. Niko na jina tu."

Akaifunga flashi yake kwenye kitenge, akaondoka mapema ili arudi kambini kabla kibali hakijaisha muda. Sikumwambia mtu yeyote. Wiki ya kwanza nilisema msiba bado mbichi. Wiki ya pili nilisema Editha ana mimba, nisimshtue. Baadaye sikuhitaji hata sababu. Ukinyamaza kwa muda mrefu, kunyamaza huwa ni kazi nyepesi.

Papa Espoir hakuonekana tena sana mjini. Niliwahi kumwuliza mwenye studio mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama anamwona. "Yule wa flashi mbovu?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, huyohuyo. Ndiyo, nilisema hivyo.

Juzi Jumapili, baada ya misa, Editha alikuja kunitembelea. Tumbo lake limeshakuwa kubwa. Nilimwekea chai, tukazungumza habari za afya yake na za mama yake kule Kibondo. Halafu akaniambia jambo lililomfurahisha, na akaniambia kama zawadi.

Mume wake ni katibu wa kamati ya kigango chetu. Kipaimara kinakaribia, na mpiga picha mmoja tu ndiye huruhusiwa kuingia kanisani siku hiyo, watoto wakiwa wengi na kila mzazi akitaka picha ya mwanawe mbele ya askofu. Kwa mpiga picha ni kazi ya kumrudisha mtu mjini. Majina yaliyofika kwenye kamati yalikuwa matatu, na moja lilikuwa la Papa Espoir.

"Jana alikuja nyumbani kumtafuta mume wangu," Editha alisema. "Nilimjua kwa kile Kiswahili chao. Sikumkaribisha, Baba mdogo. Nilimwacha amesimama palepale mlangoni, nikamwambia, wewe ndiye uliyeninyima sura ya baba yangu, unawezaje kuja kuomba kuwapiga picha watoto wa wenzio?"

"Akasemaje?"

"Hakubisha. Aliniuliza tu, 'Mwalimu ndiye alikwambia vile?' Nikamwambia ndiyo. Akatazama chini, akasema, 'Basi, mama, pole sana na papa yako,' akaondoka zake." Alikunywa chai kidogo. "Kamati inakaa kesho saa nne. Mume wangu atalitoa jina lake kabla hawajaanza. Nimemwambia nitamshukuru mpaka kufa."

Mtu huyo alikuwa na ukweli wote mkononi, mbele ya mwanamke anayemtukana. Angeweza kusema neno moja, mawese, na mimi ningekwisha. Alimpa Editha pole, akauacha ukweli kwangu, mahali alipodhani bado unatunzwa.

Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Kunywa chai, mama, itapoa."

Alipoondoka nilibaki kwenye kiti kilekile mpaka mtu wa nyumbani kwangu akauliza kama naumwa. Nilijaribu kufikiri kama nilivyofundishwa, kwa mpangilio, nikaona kwamba hesabu yangu yote ilikuwa na kosa tangu mstari wa kwanza. Nilikuwa nikidhani naficha jambo lililokwisha, lililozikwa pamoja na kaka. Kumbe lilikuwa linaendelea kila siku. Kila nilipoamka na kunyamaza, nilikuwa namkandamiza mtu huyu upya. Na Editha nilimnyang'anya mara mbili. Kwanza picha, kisha haki ya kumkasirikia mtu anayestahili. Hasira yake yote ya msiba niliielekeza kwa mtu aliyekuja kumpa pole.

Wewe unayesoma, sikuombi uwe mtakatifu. Nakuomba tu, siku kitu kitakapokugomea mikononi mbele ya watu, sema kimegoma. Sema palepale, kabla hawajatawanyika, wakati wenye simu bado wako nyuma ya mlango. Aibu yake ni ya dakika moja na ina vicheko ndani yake. Ukiivusha dakika hiyo, inakua, na siku moja utaamka ukute imehamia kwenye nyumba ya mtu mwingine na inakula chakula chake.

Na kama elimu yako inawazidi kidogo walio karibu nawe, jihadhari zaidi yao. Mimi waliniamini upesi mno. Mwongo asiye na shahada angeulizwa maswali mawili, matatu. Mimi sikuulizwa hata moja.

Na tafadhali, jina la mgeni usiliokote njiani na kulitupa kama ganda la ndizi. Wapo watu ambao hawana shamba, hawana ukoo wa kuwasemea, hawana hata ruhusa ya kulala wanapotaka. Wakishaitwa wabovu, hakuna wa kwenda kuwauliza upande wao.

Jioni hiyo niliamua, na nilijifahamu vya kutosha kujua kwamba nikimpigia Editha simu nitapata njia ya kuzungusha maneno. Niliamua kwenda mwenyewe, kabla ya saa nne.

Asubuhi nilimwomba mkuu wangu wa shule ruhusa ya vipindi viwili, nikatembea kwa miguu, sikuchukua bodaboda. Nilimkuta Editha anafagia uwanja, ameushika mgongo kwa mkono mmoja. Akafurahi kuniona. Akataka kuniletea kiti, nikamwambia siketi.

"Nimekuja kwa habari ya ile flashi," nilisema. "Ilikuwa nzima. Ilipakwa mafuta ya mawese ili iingie, ndiyo maana haikuwaka."

"Ilipakwa na nani?"

"Na mimi. Na kioo cha kamera nilikiona cheusi, palepale, baba yako akiwa bado amekushika kichwa. Nikamwambia zimetoka. Papa Espoir hakuwepo na hakujua kitu. Alipokuja kujua aliniomba niwaambie, nikaahidi, sikuwaambia."

Ufagio ulikuwa bado mkononi mwake, na alikuwa akiutazama kama hajui ni wa kazi gani. Ndani mume wake alikuwa anapiga mluzi, anavaa. Nilingoja anitukane, na nadhani ningeshukuru.

Akageuka akamwita mume wake kuelekea mlangoni, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Baba, toka kidogo. Toka usikie kabla hujaenda kwenye kikao."

Mume akatoka, anafunga vifungo vya shati, akanisalimu shikamoo kwa uchangamfu. Editha hakumwacha amalize.

"Baba mdogo," aliniambia, bila kunitazama, "rudia yote."

Nikarudia yote.